Sakafu Nyekundu ya Mama Mkwe

Hii aibu nilikuwa nimeamua nitaenda nayo kaburini, lakini kwa vile mke wangu Metrine ameshaisimulia kwa nusu ya Kitale, na kila akiisimulia mpasuko wa suruali yangu unaongezeka inchi mbili, naona heri niseme mwenyewe, niseme yote, ili hata mkicheka mcheke kwa kipimo sahihi. Nilijifungia kanisani mchana kweupe. Si kwa kufuli, nilijifungia kwa simiti, na walioshuhudia ni mchungaji, wamama wa kanisa na mama mkwe wangu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Kitale, nauza mbegu na dawa za mifugo kwa duka la watu, na Metrine ni wa upande wa Sirisia, kwa hivyo huko mimi ni mkwe. Na mambo ya ukwe kwetu sisi Wabukusu mnayajua (kama hamyajui nisikilizeni hapa, maana bila hili hamtaelewa kitu): mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi ya wenyewe mpaka mwingine apite. Si ugomvi, ni heshima. Kuna siku nilimwona mama akija soko la Chwele nikajificha nyuma ya ng'ombe wa mtu, kumbe yeye alikuwa ameshaniona, akajificha nyuma ya pikapu ya vitunguu, tukakaa hivyo kila mtu na maficho yake mpaka ng'ombe akauzwa na mimi nikabaki nimesimama wazi.

Sasa kwangu mimi heshima hiyo ilikuwa imechanganyika na baridi kidogo. Metrine nilimchukua kama vijana wa siku hizi, tukaanza kuishi pamoja kwanza, mambo ya wazee na mahari nikayapeleka baadaye huku mtoto wetu Brian akiwa ameshaota meno. Mama hakusema neno. Lakini kwa miaka mitano hakuwahi kunitumia hata salamu kupitia kwa binti yake, na mimi hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha. Kwa hivyo siku Metrine aliponipigia simu kutoka kwao akiniambia kanisa la mama linahitaji mikono, niliona mlango umefunguka.

Nasema kanisa la mama kwa sababu ni yeye aliyekata kona ya shamba lake akawapa Wamethodisti wajenge. Huko kwao Quaker na Katoliki ndio wengi, Methodisti ni watu wachache wanaojuana mpaka majina ya ng'ombe, na kwa miaka mingi walikuwa wanasali kwa darasa la chekechea, wazee wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Mama alikuwa mwenyekiti wa wamama na alikuwa amesema anataka kitu kimoja tu kabla hajafa, aimbe amesimama kwa sakafu ya kanisa lake mwenyewe. Kuta zilikuwa zimepanda, mabati yamepigwa, kufungua ilikuwa Jumapili, na kilichobaki ni sakafu.

Ramani ya hilo kanisa nayo ilikuwa na maneno yake. Mchungaji alikuwa ametumikia pwani miaka mingi, akaja na mchoro wa kanisa dogo alilojenga huko kwa mji mmoja wa kando ya bahari, mchoro wenye madirisha makubwa kuanzia magotini kwenda juu, pande zote mbili, ati ya kupitisha upepo wa bahari. Wazee wakamwambia, "Mchungaji, huku upepo unatoka mlimani, na ni baridi." Akasema ramani ni ramani. Basi likajengwa vile vile, ukiwa nje unaona kila kitu ndani kama duka, na kwa vile vioo vilikuwa bado na wezi hawangoji vioo, yale madirisha yote yakatiwa vyuma. Mlango wa nyuma nao, ule wa mchungaji kuingilia, walikuwa wameuziba kwa matofali kwanza mpaka wapate wa kuuweka. Kwa hivyo mtu akiwa ndani, njia ni moja tu, ya mbele. Hayo yote niliyaona nilipofika, nikayasifu hata.

Metrine alikuwa ameniuliza kwa simu, "Baba Brian, wewe unajua kupiga nil?"

Nil ni ule uji wa simiti unaopakwa juu ya sakafu iliyoshika, unalainishwa kwa mwiko wa chuma mpaka inang'aa, na hii ilikuwa ichanganywe rangi nyekundu kwa sababu mama alitaka nyekundu. Mimi niliwahi kupiga nil mara moja, kwa bafu yangu Kitale, bafu ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

"Najua sana," nikasema.

"Njoo siku ya soko basi. Mama atakuwa Chwele, utafanya kazi na amani."

Nikaja. Nikavaa suruali ya kazi, ile ya kijivu niliyonunua mtumba nikiwa bado kijana mwembamba, ikanikubali kifungo kwa shida lakini ikanikubali. Nikamkuta fundi Barasa, mzee mfupi asiyependa maneno, na wanaume kama sita. Tukafagia, tukamwagia maji, fundi akachanganya ule uji mwekundu kwa pipa, akanionyesha mkono unavyokwenda, nikashika haraka (hapo sijisifu, mkono wangu ni mzuri, hata yeye alisema). Halafu simu yake ikalia, jamaa wa Chwele anayechomelea vyuma akasema mlango wa kanisa uko tayari na pikapu inaondoka kwenda kazi nyingine, wauchukue saa hii hii. Mlango wenyewe ni wa chuma, wa kubebwa na watu sita.

"Mkwe, wewe baki uanze," Barasa akaniambia. "Anza kule madhabahuni, urudi nyuma polepole mpaka mlangoni. Si unajua?"

"Najua, bana. Nendeni."

Wakaenda wote. Nikabaki mwanamume pekee kwa hiyo boma, na nilikuwa nasikia raha.

Ile tu nimekunja mikono ya shati nikasikia wamama wanatoka mtoni na madumu ya maji wakiimba, na mbele yao, na kiti chake mkononi, ni mama mkwe. Metrine akakimbia dirishani.

"Ulisema ako soko!" nikanong'ona.

"Amekataa kwenda. Amesema vitunguu vinaweza kungoja, sakafu haiwezi."

Mama akaniona, akageuza uso vizuri kwa heshima, nami nikaangalia mabati. Lakini kisha akaweka kiti chake chini ya kivuli cha turubai, hatua kama kumi kutoka pale mlango ungekuwa, akaanza kumenya ndizi na wenzake. Alikuwa amekaa upande, lakini kila baada ya ndizi mbili tatu jicho lilikuwa linateleza kuja kwa sakafu yake. Sikumlaumu.

Nikaenda madhabahuni. Nikainama kuweka mwiko chini. Suruali ikapasuka.

Sitaki kuieleza sana hiyo sauti. Ilianzia kiunoni ikashuka mpaka mahali ambapo suruali hugawanyika, na ndani nilikuwa nimevaa boksa ya njano, njano ile ya kuonekana kutoka mbali. Nikasimama wima kama askari. Nikageuka polepole nikapeana mgongo kwa ukuta. Hakuna aliyesikia, wamama walikuwa wanaimba. Na hapo ndipo akili yangu ikafanya hesabu ambayo mpaka leo nikiikumbuka usingizi unaniruka, ingawa siku ile niliona ni hesabu safi kabisa. Nikiangalia ukuta wa madhabahu na kurudi nyuma kama fundi alivyosema, nitakuwa natanguliza makalio kwenda kwa mama mkwe, hatua kwa hatua, nimeinama, njano wazi, na kila saa inavyopita yanamkaribia zaidi, mpaka nimalize kazi nikiwa nimemfikia nayo. Hakuna mkwe wa Kibukusu anaweza kufanya hivyo akarudi tena kwa hiyo boma. Lakini nikianzia mlangoni, kichwa chini, uso kwa sakafu, nikirudi nyuma kwenda madhabahuni, mpasuko utaangalia madhabahu, na madhabahuni hakuna mama mkwe. Nikaona nina akili. Nikabeba ndoo, nikaanzia mlangoni.

Na nikafanya kazi nzuri, wacha niseme ukweli. Nilikuwa napaka, nalainisha, nasogea nyuma, napaka, nalainisha, nikipita karibu na dirisha nakaa chini kwanza, jasho linatiririka, wimbo wa wamama unaingia nami nauitikia kwa pua. Saa mbili nzima. Sakafu ikawa inalala vizuri, nyekundu, inang'aa mpaka naona mbao za paa ndani yake, na nikawa nawaza vile Jumapili mama atasimama hapo aulize ni nani alipiga hii, aambiwe ni mkwe wako.

Kisigino kikagonga ngazi ya madhabahu.

Nikapanda juu yake (hiyo madhabahu na mimbari yake ya matofali zilikuwa zimemalizwa wiki iliyopita, zimekauka), nikanyoosha mgongo, nikainua macho nijionee kazi yangu. Mbele yangu ilikuwa nyekundu mbichi kutoka vidole vyangu vya miguu mpaka mlangoni. Kushoto vyuma. Kulia vyuma. Nyuma matofali.

Simu ikalia. Barasa.

"Mkwe, umefika wapi?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza! Safi. Sasa uko wapi?"

"Niko madhabahuni."

Nikasikia hata pikapu inanguruma huko aliko.

"Madhabahuni unafanya nini?"

"Nimesimama tu."

"Aki huyu mtu," nikasikia akiwaambia wenzake, na simu ikakatika.

Metrine akaja kwa dirisha la pembeni kuniambia chakula kiko tayari. Nikamwambia siwezi kuja. Akaniuliza nangoja nini, nikamwambia nangoja ikauke, akauliza itakauka lini, nikamwambia kesho. Akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akashika vile vyuma kwa mikono miwili akacheka bila sauti mpaka akachuchumaa. Nilipogeuka kumwonyesha ile sehemu ingine ya habari akalala kabisa kwa nyasi. Lakini ni mke mzuri, akafungua leso yake, ile kanga ya kiunoni, akanipitishia kwa vyuma, nikajifunga kiunoni nikapata pumzi. Nikamwomba asimwambie mtu. Mpango wangu ulikuwa nikae chini nyuma ya mimbari, watu wakija kuuliza aseme nimeenda Sirisia mjini, na asubuhi niondoke kimya kimya. Huo ndio ulikuwa mpango, msicheke.

Haikupita nusu saa, gari likasimama nje. Mchungaji, na wazee wawili wa kanisa kutoka Kitale, wamekuja kuona kama kila kitu kiko tayari kwa Jumapili. Nikaruka nyuma ya mimbari. Kwa kuketi kichwa na mabega vilikuwa vinaonekana kwa dirisha la kulia, kwa hivyo nikapiga magoti, nikajikunja mpaka chini, leso ikafichika, na nikafumba macho kwa sababu mtu akiwa na aibu hufumba macho.

Mchungaji akafika dirishani. Nikamsikia akikata pumzi.

"Angalieni," akasema kwa sauti ya chini. "Kijana amemaliza kazi, na kabla hata hajala, anaomba."

Nikaendelea kufumba macho.

"Huyu ni mkwe wa nani?"

"Wa Mama Metrine," mama mmoja akajibu.

"Mama Metrine, una mkwe! Ndugu, usiombe peke yako. Toa sauti, tuombe pamoja."

Sasa ningefanya nini? Nikatoa sauti. Nikashukuru kwa mabati, nikashukuru kwa simiti, nikaombea mvua ya kwetu Trans-Nzoia, na watu wakaanza kujaa madirishani pande zote wanaitikia amina. Kila nikikaribia kumaliza nakumbuka kwamba nikimaliza wataniambia nitoke, basi narudi nyuma naombea kitu kingine. Niliombea barabara ya Chwele. Niliombea viwavi waache mahindi. Nikaishiwa, nikaanza kuombea mifugo kwa majina ya magonjwa yao, kama vile nasoma rafu za dukani kwetu, na wale wazee wa Kitale wanasema "Ndiyo, Bwana" kwa kila ugonjwa. Halafu nikasikia sauti moja ya mama, nyembamba, imeanza wimbo, wenzake wakaudaka. Nilijua ni ya nani. Ilikuwa inatetemeka, na hapo ndipo nilijisikia vibaya kweli, kwa sababu yule mama alikuwa analia akidhani mkwe wake ni mtu wa Mungu, na mkwe wake alikuwa anaficha leso.

Nikasema amina.

"Sasa toka, mpendwa, tule," akasema Mchungaji.

"Nyinyi tangulieni. Mimi bado nina mzigo."

Ni neno nililokosea. Mchungaji akishasikia mtu ana mzigo hali tena. Akauliza mzigo gani, nikasema ni wa ndani tu, na akawaambia wale wazee, "Twende tumwekee mikono," na kabla sijaelewa maana yake nikaona kwa pembe ya jicho koti lake linazunguka kuelekea mlangoni. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kung'aa. Macho yake yalikuwa kwangu, hayakuwa chini. Akainua mguu.

"USIKANYAGE!"

Jamani, sijawahi kupiga kelele vile hata kwa ng'ombe. Niliruka juu kwa miguu miwili, leso na yote, mkono nimeunyoosha. "Simama hapo hapo! Rudi nyuma, mzee!" Mchungaji akaganda mguu hewani, mzee mmoja akamshika koti asianguke. Nikasikia ndizi zinachemka.

Basi nikasema. Ningedanganya nini tena, nimesimama madhabahuni na leso ya mke wangu? Nikasema sikuwa naomba, au nilikuwa naomba lakini si hivyo, nikasema nimejimalizia sakafu mpaka nikajifungia, na kwamba suruali imepasuka, na kwamba ndiyo sababu nilianzia mlangoni. Sikusema jina la mama. Sikuhitaji kusema, kila mtu alijua nani alikuwa amekaa mlangoni. Watu hawakucheka hata, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Ni hapo pikapu ikafika na mlango. Barasa akashuka, akapita katikati ya watu, akachuchumaa kizingitini, akagusa sakafu kwa kidole kimoja.

"Kazi ni safi," akasema. "Lakini hii nil inataka mkono wa pili. Sasa hivi, ikiwa inashika. Ukiiacha hivi, ikifika Jumapili imepasuka kama matope ya mtoni."

"Si wewe uipige?" mtu akamwuliza.

"Nitafika kule aje, nipae? Mkono wa pili unaanza kule mwisho, unafuta nyayo zako ukirudi. Mwiko ako nao yeye, na kule mwisho ako yeye." Akaniangalia. "Nusu saa, mkwe. Baada ya hapo itakataa."

Akanipitishia kwa vyuma vipande viwili vya plaiwudi vya kupigia magoti. Nikaviweka kwa nyekundu, nikashuka, nikaangalia ukuta, mgongo kwa mlango, na Barasa akapiga kelele tena dirishani.

"Na hiyo leso utoe!"

"Ati?"

"Inaburuta, bana! Itachora sakafu yote mistari!"

Ni kweli ilikuwa imeshachora mmoja. Nikasimama nimeshika fundo la leso. Nilikuwa na njia mbili na zote nilizijua vizuri: nibaki nimejisitiri hapo madhabahuni mpaka kesho, heshima yangu salama, na mama asimame Jumapili kwa sakafu iliyopasuka baada ya kungoja miaka yote hiyo, au nitoe. Na yeye alikuwa pale mlangoni na wamama wote, mchungaji na wazee. Ningetoa kitu gani kingine kwa huyo mama, mimi niliyemchukulia binti bila hodi? Nikafungua fundo, nikatundika leso kwa mimbari, nikapiga magoti nikiwa na mgongo kwa watu wote wa Sirisia.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe. Hakuniongelesha mimi, hawezi, aliwaongelesha wao.

"Watu wote mgeuke," akasema. "Angalieni mlima."

Kisha akaongeza:

"Hata wewe, Mchungaji. Mlima uko kule."

Nikasikia miguu inageuka kwa nyasi, mingi. Na mimi nikaanza kurudi nyuma. Nafuta wayo, nalainisha, nahamisha plaiwudi, narudi, makalio mbele, boksa ya njano ikiongoza njia, mita kama kumi ambazo naona zilikuwa kilomita. Hakuna aliyecheka wazi wazi. Nilisikia tu mtu akivuta kamasi kwa nguvu, na mwingine akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Leo mlima umeonekana vizuri," Mchungaji akasema.

"Vizuri sana," mzee wa Kitale akajibu.

Na siku hiyo, mjue, kulikuwa na wingu zito kutoka asubuhi, mlima haukuonekana hata kidogo.

Nilipofika kizingitini kisigino kikagusa kitu laini. Ni leso, imekunjwa vizuri, si ya Metrine. Nikageuza kichwa kidogo nikaona mama amesimama hatua chache, mgongo kwangu, anaangalia wingu kama wengine, na kiunoni hana leso aliyokuwa nayo asubuhi. Kuvaa nguo ya mama mkwe ni jambo ambalo kwa siku ya kawaida lingeitiwa kikao cha wazee. Nikaivaa. Nikatoka nje nikapita nyuma ya kanisa, nikaketi kwa mchanga uliobaki, nikashindwa kujua kama nataka kulia au kula. (Nilikula. Metrine aliniletea ndizi, nikamaliza sahani mbili.)

Nilirudi Kitale siku hiyo hiyo na nikaapa sitakanyaga Sirisia tena mpaka nizeeke watu wasinitambue. Jumamosi Metrine akapiga simu.

Sasa, ile heshima ya kutotazamana ina njia yake ya kulegezwa kwetu. Mkwe analeta blanketi na kuku, mama mkwe anapokea mbele ya watu, mnapeana mkono, na kuanzia hapo mnaongea kama watu. Lakini mkwe hachagui siku. Mama ndiye huita, na wako wakwe wamezeeka hawajaitwa.

"Mama amesema uje kesho," Metrine akasema. "Uje na blanketi."

Nikaketi chini. "Amesema hivyo? Amesema nini ingine?"

"Amesema," na nikasikia anajizuia, "ati baada ya yale ambayo hakuyaona, mnafichana nini tena?"

Nikanunua blanketi zito kuliko yote dukani, na suruali mpya, nikaijaribu kwa kuinama mara kumi mbele ya mwenye duka mpaka akaniuliza kama niko sawa. Jumapili kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje, sakafu nyekundu haina hata ufa mmoja, na mama aliimba amesimama katikati yake, amevua viatu, mimi nikimwona kutoka upande wa wanaume kwa mara ya kwanza bila kujificha nyuma ya chochote. Mtu akiniuliza siku hizi kama najua kazi fulani, nasema sijui, hata ikiwa ni kufungua mlango.

Baada ya ibada tukasimama nje, watu wametuzunguka. Nikampa blanketi, akalipokea, tukanyoosheana mikono. Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto. Akaniangalia usoni, miaka mitano ndiyo mara ya kwanza, mdomo wake ukaanza kucheza, wangu nao, akajaribu kusema "Karibu" ikakataa kutoka, na tukacheka sisi wawili tukiwa tumeshikana mikono, tukacheka mpaka machozi yakatutoka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza tunacheka nini, maana siku ile wote walikuwa wanaangalia mlima.